Namna ya Kutathmini Mwitikio wa Mtoto Mfupi kwa Tiba ya Homoni ya Ukuaji

Mtoto amedungwa sindano kila jioni kwa mwaka mzima na ameongezeka sentimita 7. Je, dawa imemfaa? Swali hili halijibiki mpaka tujue alikuwa akikua sentimita ngapi kabla ya kuanza, ana umri gani, amekwisha kuingia katika balehe au bado, anatibiwa kwa sababu ipi na kwa dozi ipi. Kwa mtoto wa miaka 5 mwenye upungufu mkubwa wa homoni, sentimita 7 ni pungufu ya tulizozitarajia, hata kama mwaka uliotangulia alikua 3 tu. Kwa msichana mwenye sindromu ya Turner, yaani aliyezaliwa akikosa kromosomu X moja au sehemu yake, huenda ni matokeo ya kuridhisha. Kwa mvulana wa miaka 13 ambaye balehe imeanza kumvuta juu, huenda sehemu kubwa ya sentimita hizo angezipata bila sindano hata moja. Kutathmini mwitikio, basi, ni kazi ya kulinganisha, na kazi nzima ya mhudumu ni kuhakikisha kwamba analinganisha vitu vinavyolingana. Mwongozo huu umeandikwa kwa wahudumu wa afya wanaowafuatilia watoto hawa, ingawa mzazi anayetunza kumbukumbu za mwanawe naye ataona humu mambo ya kumuuliza daktari.

Kimo kipimwe sawasawa

Kabla ya kuilaumu dawa, kagua kipimo. Stadiomita, yaani chombo cha kupimia kimo, iliyofungwa ukutani ihakikiwe kwa fimbo ya urefu unaojulikana kila siku ya kliniki, kwa sababu skrubu ikilegea milimita chache hakuna atakayegundua kwa macho. Mtoto avue viatu na soksi, na mafundo ya nywele au vibanio vilivyo utosini viondolewe. Asimame wima, visigino vikiwa pamoja na vikigusa ukuta, makalio na sehemu ya juu ya mgongo vikigusa pia kadiri umbo lake linavyoruhusu. Kichwa kiwekwe ili ukingo wa chini wa tundu la jicho uwe katika mstari mmoja wa ulalo na tundu la sikio. Usawa huu huitwa usawa wa Frankfurt, na ndio unaosahaulika kuliko yote, kwani mtoto anayetaka kuonekana mrefu hunyanyua kidevu na kwa kufanya hivyo hujipunguzia kimo. Shika taya kwa viganja viwili, inua taratibu, mwambie avute pumzi, kisha teremsha ubao wa kichwani mpaka ulaze nywele. Soma hadi milimita. Mtoto aondoke kabisa, arudi, apimwe tena, na mara ya tatu vilevile, kisha uandike wastani. Iwapo vipimo vitatu vinapishana zaidi ya nusu sentimita, usichukue wastani wake, anza upya.

Saa ya siku nayo ina neno lake. Diski za uti wa mgongo hubanwa kadiri mtu anavyoshinda wima, na kimo cha asubuhi kinaweza kuzidi cha alasiri kwa sentimita moja hivi. Mtoto aliyepimwa saa mbili asubuhi mwezi wa kwanza na saa kumi jioni mwezi wa saba atakuwa amenyang'anywa sehemu ya ukuaji wake na saa ya ukutani. Mpangie miadi ya saa ileile, na ikiwezekana apimwe na mtu yuleyule. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa akiwa amelala, na anapohamishiwa kwenye kipimo cha kusimama hupoteza takriban sentimita 0.7, jambo ambalo lisipoandikwa kwenye faili litasomeka kama dawa iliyoshindwa.

Kasi ya ukuaji, na kwa nini miezi 3 haitoshi

Kasi ya ukuaji ni tofauti ya vimo viwili kugawanywa kwa muda uliopita, ukihesabiwa kwa mwaka. Miadi haiangukii miezi 12 kamili mara nyingi, kwa hiyo hesabu siku. Tuseme mtoto alipimwa tarehe 14 Februari, akapimwa tena tarehe 9 Januari ya mwaka uliofuata, na tofauti ni sentimita 6.3. Hizo ni siku 329, yaani mwaka 0.90. Gawanya 6.3 kwa 0.90, unapata sentimita 7.0 kwa mwaka. Anayesema tu kwamba mtoto amekua 6.3 mwaka huu amemdhulumu.

Sasa chukua mtoto huyohuyo na ujaribu kumhukumu baada ya miezi 3. Ameongezeka sentimita 2, na kwa kuzidisha mara nne unapata kasi ya 8. Lakini ikiwa vipimo viwili kwa pamoja vina kosa la nusu sentimita tu, kosa hilo nalo linazidishwa mara nne, na kasi ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 6 na 10. Namba ya namna hiyo haifai kubadilishia dozi. Ongezea kwamba watoto hawakui kwa mwendo sawa mwaka mzima. Kuna miezi ya kwenda na miezi ya kusimama. Mwone mtoto kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa ajili ya usalama, dozi na kutia moyo, ila hukumu ya mwitikio iwe ya miezi 12. Miezi 6 inaweza kukupa dalili, nayo ichukuliwe kama dalili tu.

Ili mlinganisho wa kabla na baada uwepo, lazima kuwe na kasi ya kabla ya tiba iliyopimwa vizuri, ya miezi 6 angalau, na ya mwaka ni bora zaidi. Hapa ndipo faili nyingi zinapopwaya. Mtoto huletwa, hugunduliwa, huanzishiwa sindano, na baada ya mwaka hakuna anayejua alikuwa akienda kwa kasi gani. Katika hali hiyo tafuta rekodi za zamani za kliniki ya watoto au za shule, ukijua kwamba huenda vipimo hivyo havikuwa makini. Kwa kukumbushia tu, mtoto ambaye hajabalehe kwa kawaida hukua sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na kasi hushuka kidogo mwaka au miaka miwili kabla ya balehe.

Kumlinganisha na wa rika lake

Kasi peke yake haisemi kama pengo kati ya mtoto na wenzake linapungua. Kwa hilo tunatumia alama ya mkengeuko sanifu, ambayo wengine huiita alama Z. Ni kimo cha mtoto kutolewa wastani wa watoto wa umri na jinsia yake, kisha kugawanywa kwa mkengeuko sanifu wa kundi hilo, yaani kipimo cha jinsi vimo vyao vinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Tuchukue mvulana aliyetimiza miaka 7 akiwa na sentimita 108.6. Katika chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 wastani wa umri huo ni 121.7, na mkengeuko mmoja ni kama 5.25. Tofauti ni 13.1, na ukigawa unapata hasi 2.5. Mwaka mmoja baadaye ana sentimita 117.4, ilhali wastani wa miaka 8 ni 127.3 na mkengeuko ni kama 5.65, alama yake sasa ni hasi 1.75. Amepanda kwa 0.75 katika mwaka mmoja, na huo ni mwitikio mzuri.

Tazama kwamba mvulana huyu amekua sentimita 8.8, wakati mtoto wa wastani katika muda huohuo alikua 5.6. Kama naye angekua 5.6, alama yake isingesogea kwa kiasi chochote cha maana, na mzazi angeona suruali imekuwa fupi akafurahi bure. Chagua chati moja na ubaki nayo mwanzo hadi mwisho wa tiba, kwa maana kuhama chati katikati kunaweza kumpandisha au kumshusha mtoto ambaye hakubadilika.

Mpaka uwekwe wapi?

Wataalamu hawajakubaliana juu ya mpaka mmoja kati ya mwitikio mzuri na mbaya katika mwaka wa kwanza, na asiyelijua hilo atashangaa kuona mtoto mmoja akiitwa majina mawili. Wapo wanaotaka alama ya kimo ipande kwa 0.3 angalau, na wapo wanaotaka 0.5. Wengine huangalia kama kasi imeongezeka kwa sentimita 3 kwa mwaka kuliko ya kabla ya tiba, na wengine hulinganisha kasi yenyewe na ya watoto wa rika lake. Nchini Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unaelekeza tiba isitishwe iwapo katika mwaka wa kwanza kasi haikuongezeka angalau kwa asilimia 50.

Kigezo hiki cha asilimia kina mtego. Mtoto aliyekuwa akikua sentimita 3 anahitaji kufika 4.5 tu ili ahesabiwe kuwa ameitikia, ilhali 4.5 ni kasi hafifu hata kwa asiyetibiwa. Mwenzake mfupi asiye na upungufu wa homoni, aliyekuwa akikua 5.5, anatakiwa kufika 8.25, na akifika 7.5 anahesabiwa kuwa hakuitikia. Kwa maoni yangu asilimia isitumike peke yake hata siku moja. Andika namba zote tatu kwenye faili, yaani kasi ya sasa, ongezeko lake juu ya kasi ya awali, na mabadiliko ya alama ya kimo, kisha usome zinavyosemezana. Zote zikielekea upande mmoja, kazi imekwisha. Zikipishana, sababu ya kupishana kwake ndiyo habari unayoitafuta.

Njia iliyo karibu zaidi na haki ni kumlinganisha mtoto na watoto wengine wenye ugonjwa uleule waliotibiwa vilevile. Kutokana na KIGS, hifadhidata kubwa ya kimataifa ya watoto waliotibiwa kwa homoni hii, iliyoanza mwaka 1987, daktari Michael Ranke na wenzake walitunga mifano ya kihesabu inayotabiri kasi ya mwaka wa kwanza. Kwa mtoto mwenye upungufu wa homoni ambaye hajabalehe, utabiri hupanda kadiri alivyoanza tiba akiwa mdogo, kadiri homoni yake ilivyokuwa kidogo katika kipimo cha uchochezi (mtoto hupewa dawa ya kuuchochea mwili utoe homoni, kisha damu hupimwa), kadiri alivyo mfupi kulinganisha na wazazi wake, na kadiri uzito wake wa sasa, uzito wa kuzaliwa na dozi vilivyo vikubwa. Baada ya mwaka unatoa kasi iliyotabiriwa kwenye kasi halisi, kisha unagawa kwa kosa la utabiri, ambalo ni kama sentimita 1.5. Mtoto aliyetabiriwa 9.2 akakua 7.0 ana upungufu wa 2.2, na fahirisi yake ni karibu hasi 1.5. Chini ya hasi 1 ni wakati wa kuanza kuuliza maswali. Mifano hii haielezi kila tofauti kati ya mtoto na mtoto, ila inatukinga na kosa la kumhukumu msichana wa Turner kwa matarajio ya mtoto asiye na homoni kabisa. Katika jaribio lililofanywa Kanada, wasichana wa Turner waliotibiwa walifikia utu uzima wakiwazidi wasiotibiwa kwa takriban sentimita 7, na hizo walizipata kwa miaka kadhaa ya sindano.

Balehe na mifupa

Katika kila ziara andika hatua ya balehe. Kwa wavulana, korodani zikifika mililita 4 balehe imeanza. Kwa wasichana ni kuchomoza kwa matiti. Kuanzia hapo homoni za jinsia zinafanya kazi bega kwa bega na sindano, na hakuna hesabu itakayotenganisha mchango wa kila moja. Wakati wa kilele msichana anaweza kukua sentimita 8 kwa mwaka na mvulana 9 au 10 bila dawa yoyote. Kinyume chake nacho huwapotosha watu: mvulana wa miaka 14 ambaye balehe yake imechelewa hushuka alama kwa sababu wenzake wanaruka juu, si kwa sababu dawa imeacha kufanya kazi.

Eksirei ya mkono wa kushoto mara moja kwa mwaka huonyesha umri wa mifupa. Ukisogea miaka 2 katika mwaka mmoja wa kalenda, mtoto anatumia akiba yake ya ukuaji haraka kuliko inavyofaa, na sentimita za sasa zinaweza kuwa mkopo wa zile za mbele. Picha zisomwe na msomaji mmoja, ikiwezekana zile za miaka iliyopita zikiwa mezani, kwa kuwa wasomaji wawili hupishana kwa nusu mwaka na zaidi bila tabu.

IGF-1 inasema nini

IGF-1 ni protini ambayo ini na tishu nyingine huitoa kwa kuchochewa na homoni ya ukuaji. Kiwango chake kisomwe kwa kipimo cha umri, jinsia na hatua ya balehe, na kwa kawaida tunataka alama yake ya mkengeuko sanifu ibaki kati ya hasi 2 na chanya 2. Kwa wanaodungwa dawa ya mara moja kwa wiki, andika siku ya sindano na siku ya damu, kwa sababu kiwango hupanda na kushuka ndani ya wiki na sampuli isiyo na siku haina tafsiri.

Kikisomwa sambamba na kasi, kipimo hiki huonyesha pa kutafuta. Kasi ndogo pamoja na IGF-1 ya chini huashiria kwamba homoni haifiki, au haitoshi, au kuna kitu kama utapiamlo au ugonjwa wa ini kinachozuia mwili kuitumia. Kasi ndogo pamoja na IGF-1 ya juu ni jambo jingine; homoni imefika, ujumbe umetumwa, lakini sahani za ukuaji kwenye mifupa haziitiki, na kuongeza dozi hapo ni kutafuta madhara bila faida. Kuna hali moja ya kujihadhari nayo. Sindano za siku chache kabla ya miadi zinaweza kuinua IGF-1 ikasomeka vizuri ingawa wiki nyingi zilipita bila dawa.

Anapokua pungufu ya matarajio

Anza na sindano zenyewe, na uanze kwa upole. Ukimwuliza mama mbele ya mtoto kama sindano zote zimedungwa, atakujibu ndiyo, nawe hutakuwa umejua lolote. Uliza badala yake: wiki iliyopita ni siku ngapi zilipita bila sindano, na ilikuwaje? Nani hudunga, na anaposafiri ni nani hushika nafasi yake? Kisha hesabu vibweta vya dawa vilivyochukuliwa na uvilinganishe na vilivyopaswa kwisha. Kijana wa miaka 12 aliyekabidhiwa kujidunga mwenyewe ahesabiwe miongoni mwa wanaohitaji kuangaliwa zaidi. Hatumtuhumu; amechoka tu, na amebeba jukumu la mtu mzima.

Mwombe aliyezoea kudunga akuonyeshe mbele yako, kwa kalamu ileile ya nyumbani. Utaona mambo ambayo maswali hayafichui: kitufe kinachoachiwa kabla dozi haijaisha kuingia, tone linalobaki kwenye ngozi baada ya sindano kuchomolewa upesi, namba ya dozi iliyosomwa juu chini. Papasa mapaja na tumbo. Mahali padungwapo kila siku hujenga uvimbe laini wa mafuta, na dawa inayodungwa humo hufyonzwa ovyo. Watoto hupapenda kwa kuwa hapaumi. Uliza dawa inakaa wapi. Nyingi huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na iliyoganda hata mara moja hutupwa, hata kama imeyeyuka na kuonekana safi.

Dozi huja baadaye. Hupimwa kwa kilo, na kilo zinaongezeka. Mtoto aliyeanza na kilo 18 kwa mikrogramu 30 kwa kilo alikuwa akipata 540 kwa siku. Akifika kilo 24 anahitaji 720, na akiachwa kwenye 540 amepunguziwa robo ya tiba bila mtu kuamua hivyo. Kosa hili ni la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri.

Sindano na dozi zikiwa sawa, mchunguze mtoto upya. Pima tezi ya thairoidi, kwani tiba ya homoni ya ukuaji inaweza kufichua upungufu wa thairoidi uliokuwa umejificha, na bila homoni hiyo mtoto hakui. Fikiria ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhurika kwa gluteni ya ngano), maradhi ya figo au utumbo, lishe duni, na dawa za steroidi, zikiwamo zile za kuvuta kwa ajili ya pumu. Tazama uti wa mgongo, maana unapopinda hula sentimita za kimo ilhali miguu inaendelea kurefuka. Mwisho rudi kwenye utambuzi wenyewe. Vipimo vya uchochezi hukosea, na msichana mfupi ambaye hakuwahi kupimwa kromosomu anaweza kuwa na Turner. Mara chache sana, kwa watoto waliozaliwa bila jeni ya homoni hii, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya dawa. Hao huanza kwa kukua vizuri kisha husimama.

Katika ziara hizohizo usisahau kuuliza juu ya maumivu ya kichwa yenye kutapika au kuona ukungu, na juu ya kuchechemea au maumivu ya nyonga na goti. Haya hayangoji miadi ijayo.

Baada ya mwaka wa kwanza

Mwaka wa kwanza ndio wa kasi kubwa. Wa pili hupungua, na wa tatu hupungua tena kidogo, hata kwa mtoto anayetibiwa vizuri kabisa. Wazazi waambiwe mapema, la sivyo watadhani dawa imechakaa. Kuanzia hapo swali linabadilika. Tunatazama kama alama ya kimo inaendelea kupanda polepole, au imekaa kwenye mkondo unaoelekea kimo cha wazazi. Kimo hicho lengwa hupatikana kwa kujumlisha kimo cha baba na cha mama, kuongeza sentimita 13 kwa mvulana au kuzitoa kwa msichana, kisha kugawa kwa mbili. Baba wa 170 na mama wa 157 wana lengo la 170 kwa mwana wao na 157 kwa binti. Mzazi mwenyewe akiwa mfupi kwa ugonjwa uleule, kanuni hii haina maana kwa mtoto wake.

Tiba husimamishwa kasi inaposhuka chini ya sentimita 2 kwa mwaka na mifupa ikiwa imekaribia kufunga, yaani umri wa mifupa wa miaka 14 hivi kwa msichana na 16 kwa mvulana. Kijana aliyetibiwa kwa upungufu wa homoni bila kasoro nyingine ya pituitari, tezi ya chini ya ubongo inayotoa homoni hii, akae mwezi mmoja au zaidi bila dawa, kisha apimwe homoni upya, kwa kuwa wengi wao hukutwa na kiwango cha kawaida wakiwa watu wazima. Siku hiyo apimwe kimo tena, mara tatu, saa ileile ya miaka yote, na kimo hicho kiandikwe kando ya kile cha siku ya kwanza.